Nyumba Zilizoyapa Maji Kisogo

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa salamu zote za nyumbani. Kabla hujauliza, mama ni mzima, watoto ni wazima, baba watoto ni mzima ila mgongo unamkumbusha umri wake, na mimi mwenyewe nina afya ya kutosha kugombana na mtu. Nasi tunakuulizia hali wewe, wifi na watoto. Tuambie kama kile kikohozi cha mtoto mkubwa kimekwisha au bado kinawanyima usingizi. Ukiipata barua hii, kaa chini kwanza. Ni ndefu, na ina sehemu ambazo si za kusomwa mtu akiwa amesimama.

Barua yako niliipata. Mara ya kwanza niliisoma nikacheka, mara ya pili nikakasirika, mara ya tatu nikaifunika na sufuria nikaendelea na kazi. Umeniandikia nikapige magoti mbele ya baraza la wazee wa kanisa, niombe radhi, kisha nilizibe tundu nililotoboa ukutani. Umesema unangoja kuwekewa mikono uwe mchungaji, na kwamba Mchungaji wetu wa huku ndiye atakayeulizwa habari za familia yako. Nimekuelewa. Lakini kaka, mimi nakujua tangu ukiniibia kiporo. Hayo maneno ya "dada mpendwa katika Bwana" si yako. Hukuwahi kuniita mpendwa hata siku ile nilipokutoa mwiba wa samaki kooni.

Jibu langu ni hapana. Nimeliandika mapema usije ukasoma ukurasa mzima huku ukitumaini. Sasa nakueleza kwa nini, maana wewe uliondoka kwenda chuo cha dini makazi haya yakiwa bado mapya, na yote uliyoambiwa tangu hapo umeambiwa na watu wasio na mtu majini.

Unakumbuka kisiwani jinsi nyumba zilivyokaa. Hazikuwa na mstari wala mpango wa karatasi, lakini zote zilitazama fungu. Lile fungu la mchanga lilikuwa halitulii, leo lina pito kushoto, kesho pito limehamia kulia, na mtu aliye ndani ya mashua haoni kitu ila mgongo wa wimbi. Anayeona ni aliye juu, mlangoni kwake. Ndiyo maana kila mashua ilikuwa na mpungaji wake, mke au mama au dada, anayesimama mlangoni na kitambaa chekundu. Akipunga kulia, nahodha anakwenda kulia. Akikishusha, nahodha anangoja. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine, na mwanamke asiyejua kupunga aliambiwa na mawifi zake mpaka akajua.

Kisha kisima kikaingia chumvi, na ile dhoruba ikala nusu ya ufuo wetu, na kanisa likatufungulia ardhi huku bara. Sitasema uongo kwa sababu nina hasira. Kanisa lilitupokea wakati hakuna mwingine aliyetaka hata kutusikia. Lilitupa maji matamu, lilitupa zahanati, na hizi herufi ninazokubishia nazo nilifundishwa kwenye shule yao. Nawashukuru, na nitawashukuru mpaka niingie kaburini. Lakini mtu akikupa nguo si ruhusa ya kukuchagulia na upande wa kulalia.

Yule mchungaji wa kwanza, tuliyemwita Kofia kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake, alikuja na kamba na vigingi akapima. Kanisa akaliweka juu kabisa ya mwinuko. Nyumba akazipanga mistari chini yake, waliobatizwa mwanzo mstari wa juu, waliofuata mstari wa pili, wabishi chini kabisa karibu na ufuo. Watu wa mashua moja wakatawanywa, nahodha huku, mabaharia wake kule, kuitana mpaka utume mtoto. Na kila nyumba mlango mmoja, na mlango huo unatazama juu kanisani. Nyuma ni ukuta mtupu wa matofali, hata dirisha la kupitisha paka hakuna. Makazi mazima yameyapa maji kisogo, na kazi yetu sote iko majini.

Huku bara nako kuna fungu kama la kisiwani, lakini Kofia akasema kwamba kupunga kumekwisha. Alisimika kigingi ufuoni, akamweka mzee wa kengele akitazame. Maji yakipanda mpaka kwenye alama, mchanga wote umefunikwa, mzee anapiga kengele na mashua zote zinaingia pamoja. Kabla ya kengele, hakuna kuingia. Asubuhi nako hakuna kutoka kabla ya sala. Tukazoea. Watu husema wakituona tukirudi pamoja kwamba tumenyooka kama wanajeshi, na wazee wa kanisa hufurahi sana wakisikia hivyo. Samaki hawafurahi. Gari la barafu haliingoji kengele, na mara ngapi tumekula wenyewe samaki waliopaswa kwenda sokoni, tukijifanya ni sherehe.

Mimi nilimchukia Kofia, kaka. Nilimchukia akiwa hai, na alipokufa nilikwenda maziko nikaimba vizuri, lakini nilimchukia. Sote tuliambiwa kwamba alitugeuza tusiyaangalie maji kwa sababu aliona tunayapenda kuliko Mungu. Nilikua na maneno hayo. Kila nilipofagia chumba cha nyuma, chenye giza hata adhuhuri, nilikuwa nikimsengenya.

Sasa, habari ya Kipara umeipata nusu. Kipara alikuwa akivuta kasia mashua moja na baba watoto, kasia la mbele. Siku ile upepo uligeuka mchana, na mashua zilikuwa zimerundikana nje ya fungu zikingoja kengele. Pito lilikuwepo, tuliambiwa baadaye, wazi kabisa, upande wa kushoto, lakini wao hawakuliona na sisi tulikuwa jikoni tukitazama kanisa. Mawimbi yakazigonganisha mashua, na mkono wa Kipara ukaingia katikati. Walikaa naye vile vile, wamemfunga kwa shati, mpaka kigingi kikafika alama. Hospitali waliukata kwenye kifundo. Mzee wa kengele alikuja kumwona akalia kuliko mgonjwa, akasema alifuata kigingi kama alivyoagizwa, na ni kweli alifuata. Wazee wa kanisa nao walikuja, wakamshukuru Mungu kwamba tangu tuhamie bara maji hayajachukua mtu hata mmoja. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni mwa wodi na bakuli la uji. Niliwaambia kwamba ni kweli hayajachukua mtu, sasa yanachukua vipande.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa fundi mwashi nikaazima nyundo kubwa. Aliniuliza ya nini, nikamwambia nina msumari mkaidi. Unajua nyumba yetu iko mstari wa juu kabisa, kwa sababu mama alikuwa wa kwanza kubatizwa na ndiye aliyeongoza umoja wa kina mama. Ukilitoboa tofali pale nyuma, unaona juu ya mapaa yote ya chini mpaka kwenye fungu. Hakuna nyumba inayoona vizuri kama ya mama. Niligonga tangu watoto walipokwenda shule mpaka waliporudi, tundu likawa la kutosha mtu kusimama na kupunga. Mama alikuwa sebuleni akichambua maharage. Hakuniuliza, hakunikataza. Alikichukua tu kiti chake akakisogeza mpaka mlango wa mbele, akakaa amenipa mgongo. Nilidhani analiogopa kanisa kwa ajili yangu. Laiti ningejua!

Baba watoto anasema siku ya kwanza nilipopunga, nahodha alidhani ni nguo imepeperushwa kwenye kamba. Kisha akaona inakwenda kulia, inatulia, inakwenda kulia tena, akashika usukani akasema jamani tunaitwa. Waliingia maji yakiwa chini ya alama kabisa, hawakugusa hata punje ya mchanga. Gari la barafu lilikuwa bado halijawasha. Nahodha alipanda mwinuko wote ule na magoti yake mabovu aje kunishika mkono, akiwa analowesha sakafu yangu, na sikumgombeza.

Basi ikawa hivyo. Mashua nyingine nazo zikaanza kutazama juu kwetu. Mzee wa kengele akifika kupiga anakuta mashua zimeshalala ufuoni, naye anapiga hivyo hivyo kwa sababu ni kazi yake. Ndipo Mchungaji wetu akaja nyumbani. Nataka ujue alikuja kwa adabu, akavua viatu, akakubali chai. Alisema ardhi ni ya kanisa na nyumba zimejengwa kwa mpango mmoja, na kila mtu akibomoa anapotaka hatutabaki na makazi bali magofu. Alisema pia kwamba kengele haina mpenzi wala mkwe, haikosei kwa haraka wala kwa hofu, lakini mkono wa mtu hukosea. Maneno hayo aliyasema kwa sauti ya chini sana, akimwangalia mama. Mimi nilijibu kwamba kigingi hakijui upepo. Akaniambia nizibe au baraza litaziba. Nikamwambia baraza lije na matofali yake, maji nimeshayavulia nguo, na nitayaoga.

Siku chache baadaye ndipo barua yako ikaja. Na Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tukaambiwa tubaki.

Kanisa lilijaa. Waliokuwa hawajaja kusali walikuja kusikiliza. Mzee wa baraza alisimama akasoma kosa langu, nami nikasimama nikasema sikatai, tundu ni langu na nyundo niliazima kwa uongo, na fundi anisamehe. Fundi akacheka, akanyamazishwa. Nilisema kwamba mtu wangu yuko kwenye maji yale kila siku na sitakaa nimempa kisogo ili mistari ipendeze. Nilisema Kofia alitugeuza kwa sababu hakuwa na mtu majini, na kama angekuwa na mtoto kule nje, angejenga hata kanisa lenyewe likitazama fungu. Wanawake wa mistari ya chini wakaanza kugonga viti. Kaka, nilijiona mkubwa. Nakwambia ukweli, nilijiona mkubwa kuliko mimbari.

Mama akasimama.

Unajua mama hasemi kanisani siku hizi, tangu meno yalipomtoka. Alishika kiti cha mbele yake akaomba nimwache marehemu Kofia apumzike, kwa sababu Kofia hakugeuza nyumba yoyote. Alisema mpango wa kwanza wa Kofia ulikuwa na milango kuelekea majini, kama kisiwani, na vigingi vilikwisha kupigwa hivyo. Yeye, mama yetu, ndiye aliyekwenda kwake, akapiga magoti, akamwomba aigeuze. Kofia alikataa. Akarudi mara ya pili akamweleza sababu, na Kofia akavua kofia. Mama alisema ndiyo siku pekee aliyokiona kile kichwa, na hakuna hata mmoja aliyecheka.

Sababu ni mdogo wako, Kijiti wetu, aliyezama kisiwani.

Mimi nilikuwa mtoto, niliambiwa ni upepo. Mama alisema haukuwa upepo. Alisema Kijiti alikuwa anarudi peke yake kwenye mashua ndogo, mara yake ya kwanza kupewa mashua peke yake, amejaza samaki, anaimba kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Naye mama akafurahi. Usiku uliopita bahari ilikuwa imechafuka na fungu lilikuwa limehama, na mpungaji yeyote anajua kwamba siku kama hiyo unatulia kwanza, unayasoma maji, ndipo unanyanyua mkono. Yeye hakutulia. Alitaka majirani waone mwanawe anaingia. Alinyanyua kitambaa akapunga kushoto, mahali pito lilipokuwa jana, na mtoto akamwamini mama yake akaja kushoto. Mama alisema aliendelea kupunga hata mashua ilipokwisha kupinduka, mkono ulikataa kushuka.

Wakubwa wote wa kisiwani walijua, wakafunika kombe. Hakuna aliyemwambia neno, alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Basi tulipohamia huku alitaka mama mwingine yeyote asije akashika kitambaa kile. Akamwomba Kofia ukuta, na Kofia akajenga ukuta, akakubali kutukanwa yeye mpaka kufa.

Kaka, ulijua? Wewe ulikuwa mkubwa, ulikuwa na akili zako. Nimekumbuka kwamba hujawahi kupanda mashua tena tangu mwaka ule, na chuo cha dini ulikitafuta mbali kabisa na maji. Sikulaumu. Nauliza tu kwa sababu nimekaa na mama huyu miaka yote nikimsengenya Kofia masikioni mwake, naye akichambua maharage.

Mchungaji alingoja mpaka mama akaketi. Kisha akanigeukia, wala hakuwa na sauti ya ushindi, akasema kwamba sasa mimi nimeisikia sababu, na akaniuliza kama bado nasimamia neno langu. Kanisa zima likanitazama. Nilitamani mtu aniambie niketi. Nilisema nasimamia. Nilisema nimemsikia mama na moyo wangu umepasuka, lakini Kipara naye yuko pale kiti cha nyuma na mkono mmoja, na ukuta haukumwokoa. Nilisema kesho watu wetu wakirudi watanikuta kwenye tundu langu. Mchungaji akafunga bila sala, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Tulirudi nyumbani mimi na mama. Niliogopa kumgusa.

Jumatatu bahari iliamka imechafuka. Mchana nikachukua kitambaa nikaenda chumba cha nyuma. Mashua yetu ilikuwa ya kwanza, naona kichwa cha baba watoto, naona maji yametulia upande wa kulia, naona pito. Nikaanza kunyanyua. Hapo nikasikia mkono umenishika kiwiko. Mama, ambaye tangu tuhame hajawahi kuyatazama maji, amesimama ubavuni kwangu na kandambili mguu mmoja. Aliniambia ningoje. Nikamwambia pito lile pale. Akasema analiona, ningoje hivyo hivyo. Kaka, mume wangu alikuwa kule nje, na aliyenishika mkono ni mtu aliyemkosesha njia mwanawe mwenyewe. Ningeweza kuuchomoa ule mkono, hana nguvu tena.

Nikangoja. Tukayatazama maji pamoja, yakaja, yakaja, na mawimbi makubwa yakavunjika juu ya lile pito langu, moja baada ya jingine, meupe kabisa. Sijui kama wangepinduka. Huenda wangepita tu, nahodha ni mzoefu. Mama alisubiri mpaka maji yakalala, halafu akakiachia kiwiko changu.

Waliingia salama. Yeye alibaki pale hadi mashua ya mwisho, na nilipomletea kiti alikataa kuketi.

Baraza limetupa mpaka mwisho wa mwezi, tuzibe au tuhame. Hatuzibi, na kama ni kuhama basi watatubeba na kiti cha mama. Mwambie Mchungaji wetu hivyo atakapokuandikia, na kama hilo litakunyima kuwekewa mikono, basi nisamehe kama ndugu, lakini usinitake nijute. Fundi mwashi ananiuliza nyundo yake iko wapi. Iko mstari wa pili, kwa mke wa nahodha, na wa mstari wa tatu ameshaweka zamu.

Nisalimie wifi sana, mwambie kitambaa alichonitumia kilikuwa kizuri ila rangi haionekani kwa mbali, anitafutie chekundu. Watoto wabusu, yule mwenye kikohozi mara mbili. Baba watoto anakusalimu, Kipara anakusalimu na anasema ataupunga mkono uliobaki. Mama hakusalimu. Amesema neno lake kwako si la karatasi, uje ulisikie mwenyewe, na uje kwa mashua. Amesema hatakuharakisha. Atakusimamisha nje ya fungu kadiri maji yatakavyotaka, hata jua lizame, na hatanyanyua mkono mpaka awe na hakika.

Ni mimi dada yako, asiyeomba radhi.